Likizo ya pwani kwa familia ya mwanajeshi wa Gilgil: Kitanda kwanza, tiketi baadaye

GILGIL imeishi na kambi za jeshi kwa zaidi ya miaka 80. Mji huo wa kaunti ya Nakuru uko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za huko humlazimu mtu kuvaa sweta hata mwezi wa Desemba. Si ajabu basi kwamba shule zinapokaribia kufungwa, watoto wa kambini hutaja jina moja tu la mahali: Mombasa.

Safari yenyewe ni ya karibu kilomita 600. Hata hivyo, kinachoitofautisha familia ya mwanajeshi na familia ya mwalimu au mfanyabiashara wa mji huo huo si umbali, bali ni kwamba mwenye likizo si bwana wa siku zake.

Tangu Oktoba 2011, Jeshi la Ulinzi la Kenya, KDF, lilipovuka mpaka kuingia Somalia, familia nyingi za kambini zimezoea kupanga maisha kwa kuzingatia zamu za huko. Mwezi Februari 2023 ikaanza operesheni ya Maliza Uhalifu kaskazini mwa Bonde la Ufa, si mbali sana na Gilgil. Baba anaporejea baada ya miezi mingi, au mama, kwa kuwa wanawake nao wamo jeshini, siku chache za likizo ndizo mtoto anazopata kumzoea upya. Likizo ikiharibika kwa mipango mibovu, huenda nyingine isipatikane kwa muda mrefu.

Ndiyo maana jambo la kwanza la kushughulikia ni kitanda.

Jeshi hutunza malazi yake kupitia mesi, na mesi hufuata cheo: maafisa wana yao, masajini na wenye vyeo vya karibu wana yao, na askari wa kawaida wana mahali pao. Utaratibu huo ulirithiwa kutoka kwa Waingereza na haujabadilika sana. Maana yake kwa mwenye familia ni kwamba swali la kuuliza si tu kama kuna nafasi Mombasa, bali kama kuna nafasi kwa cheo chake, kwa mwenzi wake na kwa watoto wa umri walio nao. Si kila chumba cha mgeni wa kijeshi kilijengwa kwa ajili ya mama na watoto watatu.

Maombi hupitia kikosini mwake, kwa karani na kwa mkuu wake, kabla ya kufika kwa kambi mwenyeji. Ni vyema yapelekwe mapema, ikiwezekana mara tu tarehe za likizo zinapokubaliwa, na jibu lipatikane kwa maandishi. Ahadi ya mdomo kutoka kwa rafiki aliyeko Mombasa haitoshi, kwani rafiki huyo naye anaweza kuhamishwa kabla ya wageni kufika.

Kuna swali jingine ambalo wengi husahau kuuliza. Je, iwapo mwanajeshi ataitwa kazini ghafla, familia yake itaruhusiwa kupokelewa bila yeye, au kuendelea kukaa? Jibu likiwa hapana, mwenzi anapaswa kulijua angali Gilgil, wala si langoni mwa kambi akiwa na mizigo na mtoto mgongoni.

Historia ya malazi haya ina upande wake mchungu. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, jeshi la Uingereza lilikuwa na kambi ya mapumziko iliyoitwa Silver Sands huko Nyali, kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa. Wanajeshi wa Uingereza na familia zao walipumzika hapo, wengine wakitoka mbali kama Aden. Askari Mwafrika wa King's African Rifles, alipopewa likizo, kwa kawaida alirudi kijijini kwao. Tarehe 24 Januari 1964, wiki sita tu baada ya uhuru, askari wa Kenya waliasi katika kambi ya Lanet karibu na Nakuru, na miongoni mwa manung'uniko yao yalikuwa mishahara na kuendelea kuwepo kwa maafisa wa Uingereza. Uasi huo ulizimwa na wanajeshi wa Uingereza waliokuwa bado nchini. Swali la nani anastahili starehe gani jeshini si jipya katika eneo hili.

Kwingineko jibu limekuwa tofauti. Katika kisiwa cha Oahu huko Hawaii, jeshi la Marekani lina hoteli ya Hale Koa katika ufuo wa Waikiki, iliyofunguliwa mwaka 1975. Humo, bei ya chumba hutegemea cheo, lakini kwa mpangilio wa kumfaa mdogo: askari wa cheo cha chini hulipa kidogo kuliko kanali kwa chumba cha aina moja. Ni wazo ambalo wakuu wa majeshi ya kwetu wangeweza kulitazama.

Tukirudi Mombasa, neno "kisiwani" nalo linahitaji maelezo. Kisiwa chenyewe kina bandari, Mji wa Kale, Fort Jesus na bustani ya Mama Ngina, lakini karibu fuo zote za mchanga zilizo maarufu ziko bara, ng'ambo ya maji. Kambi za jeshi pia ziko ng'ambo. Mtongwe, makao ya Jeshi la Wanamaji lililoundwa Desemba 1964, iko upande wa kusini, karibu na Likoni. Kambi ya Nyali iko upande wa kaskazini, ambako daraja la mwaka 1980 linaunganisha bara na kisiwa. Familia iliyopata chumba Mtongwe huku ikiota ufuo wa Bamburi itavuka kisiwa kizima kila siku, kwenda na kurudi, na kivuko cha Likoni hakimhurumii mwenye watoto waliochoka. Kwa hiyo ufuo uchaguliwe kulingana na kambi. Aliye kusini ana fuo za Shelly na Diani. Aliye kaskazini ana Nyali, Bamburi na Shanzu, pamoja na ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, unaojulikana zaidi kama Pirates, ambako kuingia ni bure.

Nafasi kambini ikikosekana, zipo nyumba za kukodi za siku chache kuanzia Bamburi hadi Mtwapa, na mara nyingi zina jiko, jambo linalopunguza gharama za chakula kwa kiasi kikubwa. Hapa tahadhari ni moja: matapeli hupenda msimu wa Krismasi. Picha za nyumba nzuri hunakiliwa kutoka kwa wengine, amana huombwa kwa M-Pesa, na simu huzimwa mgeni anapofika stendi. Asilipe mtu amana ya nyumba ambayo hakuna ndugu wala mwenzake wa kazi aliyewahi kuiona.

Kuhusu wakati wa kusafiri, likizo za shule ni Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka. Aprili ni mwanzo wa masika. Mvua ni nyingi na mwani huanza kurundikana ufuoni. Desemba upepo wa kaskazi huvuma, bahari hutulia na maji huwa maangavu, lakini joto ni kali kwa mtu wa Gilgil na kila kitu hupanda bei. Agosti hudharauliwa bila sababu ya kutosha. Ni msimu wa kusi, upepo una nguvu na mwani upo, lakini hewa ni ya kadiri, wageni si wengi kama Desemba, na mwamba wa matumbawe huzuia mawimbi makubwa yasifike mahali watoto wanapooga. Kwa familia ya mshahara mmoja, Agosti ndiyo yenye nafuu.

Treni ya Madaraka Express, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, hutumia takriban saa tano kutoka Syokimau hadi Miritini. Tangu Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida kwa safari nzima ni Sh1,500 kwa mtu mzima, na watoto wa miaka mitatu hadi 11 hulipa nusu. Wazazi wawili na watoto wawili wa umri huo watahitaji Sh9,000 kwenda na kurudi, mbali na matatu ya kutoka Gilgil. Tiketi za Desemba huisha mapema mno, hivyo zinunuliwe mara tu zinapoanza kuuzwa, lakini baada ya kitanda kuthibitishwa.

Treni ya saa mbili asubuhi haimfai mtu wa Gilgil, labda alale Nairobi, kwa kuwa abiria hutakiwa kufika mapema kwa ukaguzi wa mizigo. Ile ya saa tisa alasiri ndiyo nzuri. Ubaya wake ni kwamba humfikisha mtu Miritini usiku. Walinzi wa lango la kambi wawe wameshapewa majina ya familia na saa ya kuwasili. Wanaokwenda Mtongwe wanaweza kutumia barabara ya Dongo Kundu inayounganisha Miritini na kusini bila kupitia kivuko.

Wakiwa kambini, watoto waelezwe mambo mawili. Kupiga picha majengo ya jeshi na kuzisambaza mtandaoni ni kosa kisheria, hata kama nyuma ya picha ni bahari tu na meli ya kijivu. Aidha, fulana na kofia zenye madoadoa ya sare za jeshi, ambazo watoto wa wanajeshi huzipenda sana, zibaki nyumbani. Raia hawaruhusiwi kuzivaa, na mtoto wa sajini ni raia.

Baharini, mtoto wa nyanda za juu hana uzoefu. Huenda amewahi kuona Ziwa Elmenteita kwa mbali, lakini hakuoga humo. Maji ya pwani ya Kenya hupanda na kushuka kwa hadi karibu mita nne wakati wa bamvua, yaani siku za karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Siku hizo kwa kawaida maji hupwa katikati ya asubuhi na kujaa alasiri. Juma moja baadaye, wakati wa maji mafu, mambo hugeuka, na tofauti ya kujaa na kupwa huwa ndogo. Familia yenye watoto wadogo inayoweza kuchagua siku zake na ichague maji mafu.

Hatari kubwa ni pale maji yanapoanza kupwa kwa kasi. Mwamba una milango, na maji yote yaliyoingia ndani hutafuta njia hizo kutoka. Mtoto aliyekalia tairi la kukodi pale Pirates hufurahia kuchukuliwa na maji bila kujua anapelekwa wapi, na mzazi asiyejua kuogelea hawezi kumfuata. Tairi lifungwe kamba, na mtu mzima aishike akiwa amesimama majini. Maji yakiwa yamepwa, watoto wavae viatu vya plastiki wanapotembea miambani kwa sababu ya viumbe wenye miiba mirefu myeusi ambayo hukatikia mguuni.

Jua nalo huunguza hata siku ya mawingu. Maji ya kunywa yabebwe.

Lakini jambo linaloweza kuua baada ya likizo kwisha ni malaria. Gilgil, kwa mwinuko wake na baridi yake, si eneo la malaria, na watoto waliokulia huko hawana kinga ambayo watu wa pwani huipata kidogo kidogo kwa kuumwa mara kwa mara. Mbu mmoja wa Kwale au Kilifi anatosha. Walio katika hatari kubwa zaidi ni watoto wa chini ya miaka mitano na mama wajawazito, na mama mjamzito afikirie kwa makini kama safari haiwezi kungoja.

Kabla ya kuondoka, familia ipite katika zahanati ya kambi na kumuuliza daktari kuhusu dawa za kinga, kwa kuwa nyingine huanza kumezwa kabla ya safari na kuendelea baada ya kurudi. Neti zilizotiwa dawa zibebwe kutoka nyumbani. Hazina uzito, na haifai kutegemea zile za wenyeji. Kuanzia jioni watoto wavae mikono mirefu, joto lisiwe kisingizio. Mchana pia si salama kabisa, kwani Mombasa imewahi kukumbwa na homa ya dengi, ikiwemo mwaka 2013 na 2017, na mbu wake huuma mchana.

Malaria haionekani papo hapo. Kwa kawaida homa huanza siku saba au zaidi baada ya mtu kuumwa na mbu, wakati ambapo mchanga umeshakung'utwa kwenye viatu na shule zimefunguliwa. Mtoto akitetemeka mwezi Januari katika baridi ya Gilgil, wazazi hudhani ni mafua, na hata mhudumu wa afya wa huko, asiyekutana na malaria kila siku, anaweza kudhani hivyo hivyo. Kwa mwezi mzima baada ya kurejea, na hata zaidi, homa yoyote ipimwe siku hiyo hiyo, na maneno ya kwanza ya mzazi mbele ya daktari yawe kwamba mtoto huyu ametoka pwani, na tarehe aliyorudi.