Uwanja wa Gofu ni wa Nani?

Wenzangu wengi hapa Bujumbura wakisikia neno gofu husema huo ni mchezo wa matajiri, na mazungumzo huishia hapo. Sisi tunaosoma historia hatuna budi kuendelea kuuliza: tajiri yupi, tangu lini, na ardhi alipewa na nani? Katika insha hii ninatetea hoja kwamba uwanja mmoja huwa ghali na mwingine rahisi kutokana na mwenye ardhi na mlipaji wa maji na nyasi. Fimbo na mpira ni gharama ndogo kando ya hizo.

Uskoti, kulikozaliwa gofu ya leo, mchezo huu haukuwa wa wachache. Mwaka 1457 bunge la Mfalme James wa Pili liliupiga marufuku pamoja na kandanda, kwa sababu watu waliacha kujizoeza kupiga upinde. Haiyumkiniki serikali isumbuke kutunga sheria kwa ajili ya mchezo wa mabwana watano. Mwaka 1552, mjini St Andrews, hati ya Askofu Mkuu John Hamilton ilimruhusu kufuga sungura kwenye nyika ya mchanga iliyo pwani, lakini ikathibitisha pia haki ya wenyeji kucheza hapohapo. Uwanja huo mkongwe ungali mali ya umma. Jumapili, kwa kawaida, wachezaji hupumzika na watu wa mji hutembea juu ya nyasi zake.

Kwetu Afrika Mashariki gofu haikuja na haki hiyo. Ilikuja na klabu. Nairobi ilipata yake mwaka 1906, na mwaka huohuo kule Ubelgiji klabu ya Ravenstein ilianzishwa kwa msukumo wa Mfalme Leopold wa Pili, aliyetaka wafanyabiashara wa Kiingereza wapate pa kucheza. (Leopold huyo ndiye aliyeifanya Kongo mali yake binafsi, hata mchezo kwake ulikuwa biashara.) Waingereza walipouteka mji wa Dar es Salaam mwaka 1916, Gymkhana ilianzishwa mwaka huohuo. Mwafrika aliingia katika viwanja hivyo kama mkata nyasi au mbeba mfuko, si mwanachama.

Hata hivyo, wazungu wenyewe hawakuwa na mfuko mmoja. Wafanyakazi wa reli walipata uwanja wao Nairobi mwaka 1922, juu ya ardhi ya reli. Makampuni ya chai na sukari yalitengeneza vingine mashambani. Palipokosekana maji ya kumwagilia, sehemu inayozunguka shimo ilitandikwa mchanga uliochanganywa na mafuta, ukasawazishwa kwa reki kila baada ya kundi kupita. Mashimo yalikuwa 9, ukitaka 18 unazunguka mara mbili. Jinja, kando ya ziwa Nyanza, hata kiboko alitungiwa kanuni: mpira ukitumbukia katika unyayo wake, uokote bila adhabu.

Lakini mchezaji wa bei rahisi kuliko wote alikuwa yule mbeba mfuko, ambaye wachezaji humwita kedi. Yeye hulipwa ili awepo uwanjani. Huona kila pigo, hujua upepo na mteremko, na katika klabu nyingi Jumatatu huruhusiwa kucheza mwenyewe, mara nyingi kwa fimbo za kuazima. Dismas Indiza wa Mumias, Kenya, alianzia huko akawa mchezaji wa kulipwa. Wapo wanaomtaja kama ushahidi kwamba mlango uko wazi. Mimi naona ushahidi wa kinyume: mlango wenyewe ulifungwa, yeye akapitia dirishani.

Leo tofauti za viwanja zimeongezeka. Dar es Salaam kuna Lugalo, uwanja wa jeshi. Kigali, jirani zetu wamejengewa mashimo 18 na kampuni ya Gary Player, bingwa wa Afrika Kusini. Wa kwanza unasimama juu ya ardhi ya jeshi. Wa pili ni wa mji unaotafuta wageni wenye fedha.

Na Bujumbura? Mji wetu, ulioanza kama kituo cha kijeshi cha Wajerumani mwaka 1897, umebanwa kati ya Tanganyika na milima. Uwanja wa mashimo 18 hula kama hekta 50. Uwanja wa kandanda hauifikii hata hekta moja, kwa hiyo gofu moja ni sawa na viwanja vya mpira 70 hivi. Mimi ni mtoto wa Buyenzi, mtaa ambako Wabelgiji waliwakusanya Waswahili katika viwanja vya nyumba vilivyobanana, na sioni kwa nini hekta hizo zitolewe kwa wanachama mia chache. Ningekubali mashimo 6 mafupi, ya mchanga, kwenye ardhi ya umma, fimbo zikikodishwa mlangoni, na Jumapili watu wakipita humo kwenda ziwani bila kuulizwa kadi.