Jinsi ya kugumisha tindo na visu vya springi ya gari

Je, umenunua tindo ikapinda siku ya kwanza, au ikameguka na kipande kuruka karibu na jicho? Mara nyingi kosa liko kwenye moto. Maelezo haya ni kwa wahunzi wa Nakivale na wenyeji wa Isingiro wanaotengeneza zana kwa vyuma chakavu.

Chagua chuma
Nunua springi ya bamba ya gari, kwa mfano kwa wauza vyuma chakavu wa Mbarara, na omba risiti. Usinunue yenye nyufa. Nondo nyingi za ujenzi hazifai, kwa sababu kaboni yake ni kidogo na hazigumiki vya kutosha.

Hatua
1. Fua umbo la zana, kisha iache ipoe polepole ndani ya majivu.
2. Fanya kazi kivulini ili uone rangi ya moto. Pasha makali hadi sumaku isishike, takriban nyuzi 770. Ongeza moto kidogo tu. Ukizidisha, chuma kitakuwa chepesi kuvunjika.
3. Zamisha makali mara moja katika mafuta ya kupikia yaliyopashwa kidogo. Maji huweza kupasua chuma hiki.
4. Jaribu kwa tupa. Ikiteleza bila kukwangua, makali yamegumika.

Usiishie hapo
Zana iliyogumishwa tu huvunjika kama kioo. Isugue ing'ae, kisha ipashe taratibu kuanzia upande usio na makali, ukitazama rangi zikitembea:
- Kisu: manjano ya majani makavu, takriban nyuzi 230.
- Shoka na tindo: zambarau, takriban nyuzi 280.
Rangi ikifika kwenye makali, ipoze zana majini.

Kichwa cha tindo kinachopigwa nyundo kisigumishwe kamwe. Kikiwa kigumu, vipande huruka.

Usalama
Vaa miwani, viatu vilivyofunika mguu na nguo za pamba. Weka mafuta katika chombo cha chuma chenye kifuniko. Yakishika moto, yafunike, usimwage maji. Usichome mabomba wala mabati yaliyopakwa zinki, kwani moshi wake hudhuru. Watoto wakae mbali.

Kumbuka: Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na biashara. Anza na kipande kimoja, kijaribu mwenyewe, ndipo umuuzie jirani.