Damu Inayomwagwa kwa Mkataba

Waarabu humwita askari wa kukodiwa *murtaziq*, na wingi wake ni *murtaziqa*. Asili ya neno hili ni rizki, nasi tunasema riziki. Maana yake ni mtu aliyeifanya vita kuwa mlango wa chumo lake.

Kazi yenyewe ni kongwe. Katika karne ya 14 na ya 15, miji ya Italia ilikodi majeshi mazima kwa mikataba. Kilichozuka katika zama zetu ni kampuni yenye ofisi, wanasheria na daftari la faida. Vita Baridi vilipokwisha, majeshi mengi yalipunguzwa na askari wakakosa kazi. Executive Outcomes, iliyoanzishwa Afrika Kusini mwaka 1989, ilipigana Angola kuanzia 1993 na Sierra Leone mwaka 1995.

Ama soko lenyewe lilipanuka Iraq baada ya uvamizi wa 2003. Mwanzoni mwa 2008, watumishi wa makandarasi wa Marekani nchini humo na nchi jirani walikadiriwa kuwa 190,000, karibu sawa na idadi ya askari wake. Wengi walikuwa wapishi, madereva na mafundi. Waliobeba silaha walikuwa sehemu ndogo tu. Miongoni mwa walinzi hao walikuwamo maelfu ya vijana kutoka Uganda, waliosukumwa na dhiki ya maisha.

Swali la msingi ni hili: mtu wa namna hii akiua pasi na haki, ni nani wa kuulizwa? Mwezi Juni 2004, siku moja kabla ya Wairaqi kukabidhiwa serikali, Paul Bremer alitia saini Amri Namba 17 iliyorekebishwa, iliyowakinga makandarasi na mahakama za Iraq katika kazi zao za mkataba. Tarehe 16 Septemba 2007, walinzi wa kampuni ya Blackwater waliwamiminia watu risasi katika uwanja wa Nisour, Baghdad. Wairaqi 17 walifariki. Kinga ile iliondolewa mwaka 2009, lakini wahusika walishitakiwa Marekani, si Iraq. Wanne walitiwa hatiani mwaka 2014, na Desemba 2020 Rais Trump akawasamehe wote.

Wasomaji wa Sira wanakumbuka kisa cha Banu Jadhima, mwaka wa 8 Hijria. Khalid bin Walid alipowaua watu wasiostahiki kuuawa, Mtume (s.a.w.) alijitenga hadharani na kitendo hicho, kisha akamtuma Ali bin Abi Talib awalipe diya. Aliyelituma jeshi hakusema kwamba jambo hilo halimhusu.

Hapo ndipo ilipo hatari ya vita vya mkataba. Serikali husema aliyeua ni mtumishi wa kampuni; kampuni nayo husema ilikuwa ikitumikia serikali. Jamaa za marehemu hubaki katikati, na msamaha hutolewa na asiyefiwa.