Unasihi wa Baada ya Shule Mwembesongo: Fursa Zilizo Karibu na Kalenda Isiyosubiri

Mwalimu wa unasihi katika shule ya sekondari ya kata anafundisha somo lake kama walimu wengine, anasahihisha madaftari, anashika zamu, na katika muda unaobaki anatarajiwa kumsaidia mwanafunzi kuamua aelekee wapi akimaliza shule. Makala haya yanaiangalia kazi hiyo ya pili kwa mfano wa Mwembesongo, mojawapo ya kata za Manispaa ya Morogoro, mji uliokaa chini ya milima ya Uluguru na kuzungukwa na vyuo kuliko miji mingi ya Tanzania. Hoja yake ni kwamba katika mahali kama hapa fursa haziko mbali. Kinachokosekana ni mtu mwenye muda wa kumwambia mwanafunzi, mapema vya kutosha, kwamba kila fursa ina tarehe yake, masomo yake na karatasi zake. Mwanafunzi huipoteza nafasi akiwa bado darasani, na hujua kwamba ameipoteza miaka miwili au mitatu baadaye.

Wajibu wenyewe si mpya. Waraka wa Elimu Na. 11 wa mwaka 2002 uliagiza huduma za ushauri na unasihi zitolewe shuleni na katika vyuo vya ualimu. Miaka miwili baadaye ulianza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, uliosukuma ujenzi wa shule za sekondari katika kila kata, na kuanzia Januari 2016 elimu bila ada ikafika hadi kidato cha nne. Milango ya shule ilifunguka kwa kasi ambayo unasihi haukuifikia. Mwalimu huteuliwa na mkuu wa shule, mara nyingi kwa sababu ni mpole au ni mlezi mzuri wa wasichana, na vipindi vyake vya kufundisha havipungui. Chama cha wanasihi wa shule cha Marekani kinapendekeza mnasihi mmoja kwa wanafunzi 250. Kipimo hicho kimewekwa kwa watu ambao kazi yao ya kutwa ni unasihi. Katika shule ya kata, wanafunzi wanaweza kuwa mara kadhaa ya hao, na mnasihi ana saa chache tu za wiki.

Ukiwa Mwembesongo, vyuo viko umbali wa daladala moja au mbili. Upande wa milimani kipo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa mwaka 1984, chenye kampasi nyingine Mazimbu, katika majengo yaliyokuwa shule ya wapigania uhuru wa Afrika Kusini. Upande wa Msamvu kipo Chuo Kikuu cha Waislamu, na nje kidogo ya mji kipo Chuo Kikuu Mzumbe. Orodha haiishii kwenye vyuo vikuu. Kuna chuo cha ufundi stadi cha VETA Kihonda, Chuo cha Ardhi Morogoro, Chuo cha Ualimu Morogoro kule Kigurunyembe, kampasi ya Wakala wa Vyuo vya Mafunzo ya Mifugo, na Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Bigwa. Wanafunzi wa mjini huyajua majina ya vyuo vikuu na huvipita vyuo vya kati bila kuviona, ilhali kwa wengi wao vyuo vya kati ndivyo vitakavyowapokea. Kilimo na mifugo, ambavyo Morogoro inavifundisha kuanzia ngazi ya cheti hadi uzamivu, huonekana kwa vijana kama adhabu ya aliyefeli. Hilo linasikitisha katika mkoa ambao mboga za Mgeta na mananasi ya Kinole vinalisha masoko ya Dar es Salaam, na ambako wakulima wa Mgeta wanafuga mbuzi wa maziwa wa asili ya Norway walioletwa kwa juhudi za chuo hicho hicho cha Sokoine.

Kosa la kwanza linalogharimu hutokea kwenye uchaguzi wa masomo. Kwa utaratibu wa mtaala wa zamani, Fizikia na Kemia ziliweza kuachwa mwanafunzi anapoingia kidato cha tatu. Wengi waliziacha kwa sababu rafiki ameziacha, au kwa sababu hapakuwa na mwalimu. Hapo ndipo mlango wa afya ulipofungwa. Sifa ya chini ya kujiunga na stashahada ya utabibu ni ufaulu wa D nne katika mtihani wa kidato cha nne, zikiwemo za Kemia, Biolojia na Fizikia. Ina maana kijana mwenye daraja la nne, ambaye mtaani anahesabiwa kuwa amefeli, anaweza kuwa na sifa ya kuomba utabibu ikiwa D zake zimekaa kwenye masomo yanayotakiwa, ingawa ushindani wa nafasi ni mkali. Mwenzake mwenye daraja la tatu zuri la masomo ya sanaa hana sifa hiyo. Matokeo yakishatoka, mnasihi hana la kumfanyia huyo wa pili. Angemfanyia kidato cha pili, kwa kumwekea mbele mwongozo wa udahili wa vyuo vya kati unaotolewa na NACTVET na kumwonyesha kwa kidole safu ya masomo yanayotakiwa.

Mtaala mpya umeurudisha uamuzi nyuma zaidi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, iliyozinduliwa Dodoma tarehe 1 Februari 2025, imegawa sekondari kuwa na mkondo wa jumla na mkondo wa amali, yaani wa ufundi, na utekelezaji wa mkondo wa amali ulianza hata kabla ya uzinduzi huo, na kidato cha kwanza cha Januari 2024. Sasa mtoto wa miaka kumi na mitatu au kumi na minne na mzazi wake wanachagua upande wakati ambapo hata hawajamfahamu mnasihi. Wazazi wengi huichukulia amali kuwa ni ya watoto wasioweza darasani. Mazungumzo ya kuondoa dhana hiyo hayana budi kufanyika kwenye mkutano wa wazazi wa mwanzo wa mwaka, tena mbele ya fundi aliyesoma VETA na anayejitegemea kwa kazi yake, kwa sababu maneno ya mwalimu peke yake hayatoshi.

Kosa la pili ni la majina, na linastahili kuangaliwa kwa karibu kwa sababu halipewi uzito hata kidogo. Miongoni mwa Waluguru ukoo hufuatwa upande wa mama, na mtoto kulelewa na bibi au mjomba ni jambo la kawaida. Mtoto huandikishwa darasa la kwanza na mlezi, naye hutaja jina la pili analolijua yeye, pengine la babu mzaa mama. Jina hilo humfuata kwenye usajili wa darasa la saba, kisha wa kidato cha pili, kisha wa kidato cha nne, na hatimaye huchapwa kwenye cheti cha Baraza la Mitihani. Cheti cha kuzaliwa, kikitafutwa kwa haraka miaka kumi baadaye, hubeba jina la baba. Siku ya kuomba mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ambayo hutaka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, majina mawili yanakutana na hayafanani. Dawa yake ni hati ya kisheria ya kuthibitisha majina, yenye gharama za wakili na usajili, na dirisha la maombi halimngojei mtu. Mnasihi anayeagiza kila mwanafunzi wa kidato cha pili alete nakala ya cheti cha kuzaliwa, akailinganisha na orodha ya usajili herufi kwa herufi, na akawaelekeza wasio nacho kwenye huduma za RITA katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya, ameokoa mikopo mingi kuliko hotuba yoyote ya kutia moyo. Kazi hiyo inahitaji daftari, kalamu na alasiri chache.

Hatua inayofuata ni fomu ya uchaguzi wa tahasusi za kidato cha tano na vyuo, Selform, inayosimamiwa na TAMISEMI. Hujazwa kabla ya mtihani wa Novemba, kisha mfumo hufunguliwa tena matokeo yakitoka ili mwanafunzi abadilishe. Mwaka 2024 Serikali ilitangaza tahasusi mpya 49, zikafanya jumla ya 65 pamoja na 16 za awali. Upana huo ni neema kwa anayeelewa, lakini asiye na mtu wa kumweleza humrudisha kwenye zile nne au tano ambazo kaka yake alizijua. Kipindi cha marekebisho ndicho kibaya zaidi, kwa kuwa mwanafunzi yuko nyumbani, pengine amekwenda kijijini Matombo kulima, na nywila yake ameisahau. Shule inayofungua chumba cha kompyuta kwa siku mbili tatu baada ya matokeo, mnasihi akiwepo na miongozo mezani, inatoa huduma ambayo vinginevyo mzazi huinunua kwa mtu wa steshenari asiyejua tofauti ya tahasusi za PCB na CBG.

Kwa asiyechaguliwa kidato cha tano wala chuo, njia zipo na zinahitaji kutajwa kwa majina. Anaweza kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, kwa msaada wa vituo vya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. VETA hutoa pia utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana kazini bila darasa, jambo linalomfaa kijana aliyeshinda gereji kwa miaka mitatu. Wasichana walioacha shule kwa ujauzito wana haki ya kurudi, kwa mujibu wa waraka uliotolewa mwishoni mwa mwaka 2021, na vyuo vya maendeleo ya wananchi, kikiwemo cha Bigwa, vimewapokea wengi wao pamoja na watoto wao. Anayekwenda kumtafuta msichana wa namna hiyo afike pia kwa mjomba wake, kwa maana katika familia nyingi za Uluguru ruhusa hutoka huko.

Kidato cha sita kina msukosuko wake. Mtihani hufanyika Mei, vijana huitwa Jeshi la Kujenga Taifa kwa miezi mitatu, na maombi ya mikopo na udahili huendelea wakiwa kambini. Sifa ya jumla ya Tume ya Vyuo Vikuu, yaani ufaulu mkuu wa masomo mawili yenye pointi zisizopungua 4, inafahamika. Taarifa za mdhamini, vyeti vya vifo vya wazazi kwa yatima na namba za kaya maskini zinazosaidiwa na mfuko wa TASAF ndizo humkuta kijana hajajiandaa. Ni busara vyote vikusanywe Machi, kabla ya mtihani, na nakala zibaki shuleni. Mwanafunzi wa chuo cha kati naye aambiwe kwamba tangu mwaka 2023/24 Bodi hutoa mikopo ya stashahada kwa fani zilizopewa kipaumbele.

Wapo wanaosema kazi hii haiwezekani mpaka Serikali iajiri wanasihi waliosomea. Madai hayo ni ya haki na hayapaswi kunyamaziwa, hasa kwa upande wa wanafunzi wenye majeraha ya nafsi, ambao mwalimu wa hesabu hana ujuzi wa kuwatibu. Hata hivyo sehemu kubwa ya kupanga maisha ya baada ya shule ni taarifa na ufuatiliaji, na hivyo havihitaji shahada ya saikolojia. Vinahitaji vipindi viwili vya wiki vilivyoandikwa kwenye ratiba na kulindwa na mkuu wa shule. Msaada mwingine upo jirani. Walimu wanafunzi wa kampasi ya Mazimbu huja kwenye mazoezi ya kufundisha, na juzi tu walikuwa wakiomba mikopo wenyewe. Maonesho ya Nanenane ya Kanda ya Mashariki katika viwanja vya Tungi, siku nane za mwanzo wa Agosti, huwakusanya mahali pamoja vyuo, VETA na taasisi za umma, na safari ya darasa zima kutoka Mwembesongo ni nauli ya daladala. Kinachobaki ni daftari la wahitimu: jina, mwaka, chuo au kazi aliyoiendea, na namba ya simu ya anayekubali kupigiwa. Shule ikilitunza kwa miaka mitano, mnasihi ataweza kumtafutia kijana anayeuliza habari za upimaji ardhi mtu wa mtaa wake aliyeisomea kazi hiyo.