Florida: Kura ngapi zinatosha kumhukumu mtu kifo?

KATIKA jimbo la Florida, kusini-mashariki mwa Marekani, mshitakiwa hawezi kutiwa hatiani kwa kosa la mauaji mpaka wananchi 12 wanaosikiliza kesi yake wakubaliane wote. Lakini akishapatikana na hatia, kura nane kati ya hizo 12 zinatosha kupendekeza auawe. Hivyo ndivyo isemavyo sheria ambayo Gavana Ron DeSantis aliitia saini Aprili 20, 2023, baada ya Baraza la Wawakilishi la jimbo kuipitisha kwa kura 80 dhidi ya 30 na Seneti kwa kura 29 dhidi ya 10.

Hakuna jimbo jingine la Marekani lililoridhika na kura chache kiasi hicho. Alabama, jimbo jirani, hudai kura 10. Karibu majimbo mengine yote yenye adhabu hiyo hutaka kauli moja, ingawa Missouri na Indiana humwachia jaji uamuzi pale wananchi hao wanaposhindwa kuafikiana.

Jopo hilo la wananchi lisichanganywe na wazee wa baraza waliozoeleka katika Mahakama Kuu ya Tanzania, ambao walitoa maoni tu na jaji hakufungwa nayo. Nchini Marekani watu hao huteuliwa miongoni mwa wakazi wa kawaida wa eneo husika, nao ndio wanaoamua kama mshitakiwa ana hatia au hana.

Mauaji ya daraja la kwanza yana adhabu mbili tu Florida: kifo, au kifungo cha maisha bila nafasi ya kuachiwa mapema. Upande wa mashitaka ukidai kifo, kesi huendelea kwa awamu ya pili baada ya hatia kuthibitishwa. Hapo mwendesha mashitaka hutakiwa kuonyesha angalau jambo moja linalozidisha uzito wa kosa, kwa mfano kwamba aliyeuawa ni mtoto wa chini ya miaka 12, au askari aliyekuwa kazini, au kwamba mauaji yalifanywa kwa tamaa ya mali. Kwa jambo hilo jopo lazima liwe na kauli moja. Upande wa utetezi nao huleta ya kwake: maradhi ya akili, utoto wa mateso, na mengineyo. Kisha kura hupigwa. Zikipungua nane, jaji hana hiari, hutoa kifungo cha maisha. Zikifika nane au zaidi, jaji anaweza kukubali pendekezo la kifo au kulikataa, na akilikataa atatakiwa kueleza sababu zake kwa maandishi.

Idadi hiyo imebadilika mara tatu ndani ya miaka isiyozidi minane. Florida ilikuwa jimbo la kwanza kutunga sheria mpya ya adhabu ya kifo baada ya Mahakama ya Juu ya Marekani kuzibatilisha sheria zilizokuwapo mwaka 1972. Chini ya utaratibu huo, wingi wa kura saba kwa tano ulitosha, tena ulikuwa ushauri tu; jaji aliweza hata kutoa adhabu ya kifo pale jopo liliposema maisha.

Utaratibu huo ulianguka Januari 12, 2016, katika kesi iliyokuja kujulikana kwa jina la Hurst. Kwa kura nane dhidi ya moja, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema Katiba inataka jopo, wala si jaji, lithibitishe kila jambo linalohitajika ili mtu ahukumiwe kifo. Bunge la Florida likaharakisha kutunga sheria ya kura 10, Machi mwaka huohuo. Haikudumu. Oktoba, mahakama ya juu ya jimbo iliamua kwamba hata kura 10 hazitoshi, ni lazima ziwe 12. Machi 2017 Gavana Rick Scott akatia saini sheria ya kauli moja.

Lililofuata ndilo lenye uzito mkubwa kwa waliokuwa wakisubiri kifo gerezani. Mahakama hiyo ya jimbo iliamua kwamba faida ya uamuzi mpya iwafikie wale tu ambao rufaa zao zilikuwa hazijakwisha ifikapo Juni 24, 2002, siku Mahakama ya Juu ya Marekani ilipotoa uamuzi wa awali kuhusu suala hilo katika kesi ya jimbo la Arizona. Hivyo wafungwa wawili waliohukumiwa kwa kura zilezile, saba kwa tano, mmoja alirudishwa mahakamani na mwingine akabaki akingoja sindano ya sumu, kwa tofauti ya tarehe. Ni vigumu kuiona haki katika hesabu ya namna hiyo.

Mapema mwaka 2019 majaji watatu wa mahakama hiyo walistaafu, na DeSantis, gavana mpya, akateua wengine. Januari 2020 mahakama ilibadili msimamo: kauli moja katika kupendekeza kifo si sharti la Katiba. Mlango ulikuwa wazi, ila Bunge halikuingia mara moja.

Msukumo ulitoka Parkland. Februari 14, 2018 kijana aliyewahi kusoma katika shule ya sekondari ya Marjory Stoneman Douglas aliwaua watu 17, wakiwamo wanafunzi 14. Alikiri makosa. Oktoba 2022 wajumbe tisa wa jopo walitaka auawe, watatu wakakataa, na kwa sheria ya wakati huo akapewa kifungo cha maisha. Baadhi ya wazazi wa marehemu hawakuficha hasira yao. DeSantis alisema mtu mmoja hapaswi kuwa na uwezo wa kuzuia hukumu hiyo.

Wapinzani wa sheria waliitazama rekodi ya jimbo. Tangu mwaka 1973 watu 30 waliohukumiwa kifo Florida walikuja kuondolewa hatia, idadi kubwa kuliko ya jimbo lolote Marekani, na kwa wengi ambao kura zao zinajulikana, jopo halikuwa na kauli moja. Hoja hiyo haikujibiwa vya kutosha bungeni.

Mei 2023, mwezi uliofuata kusainiwa kwa sheria, jopo la Jacksonville lilipendekeza kifo kwa kura nane dhidi ya nne. Mfungwa huyo alikuwa amerudishwa mahakamani kutokana na kesi ya Hurst, kwa sababu hukumu yake ya kwanza nayo ilikuwa ya kura nane dhidi ya nne.

Mwezi huohuo DeSantis alitia saini sheria nyingine, iliyoanza kutumika Oktoba 1, 2023, inayoruhusu adhabu ya kifo kwa anayembaka mtoto wa chini ya miaka 12 hata kama hakumuua, nayo kwa kura nane. Sheria hiyo inapingana na uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa mwaka 2008, na waliyoitunga walisema wazi kwamba wanataka uamuzi huo uangaliwe upya. Tennessee ilipitisha sheria ya aina hiyo mwaka 2024, na Idaho mwaka 2025.