Sigara, Mathari na Urithi wa Damu

Mkazi wa mtaa wa Fedha, Nairobi, mwenye ndugu anayetibiwa Mathari hupanda matatu kufuata Outer Ring Road, kisha akashika Thika Road kuelekea mjini. Hospitali hiyo ya wagonjwa wa akili ilianza 1910, Nairobi ikiwa bado mji mchanga wa reli.

Daktari J. C. Carothers aliiongoza kuanzia 1938 hadi 1950. Mwaka 1951 akaandika kwamba Mwafrika anafanana na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo, na miaka miwili baadaye Shirika la Afya Duniani likamchapishia kitabu. Ushahidi wa maana hakuwa nao. Ndiyo maana Nairobi mtu akitaja urithi na maradhi ya akili kwa pumzi moja, wasikilizaji wana haki ya kumkazia macho.

Hata hivyo, swali lenyewe la urithi na maradhi ya akili ni la kweli, na sigara inaliibua. Wenye skizofrenia huvuta sigara zaidi kuliko watu wengine. Mapitio ya de Leon na Diaz ya 2005, yaliyokusanya tafiti za nchi 20, yalionyesha hivyo. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba mgonjwa anajitibu, kwani nikotini humrudishia umakini. Maelezo hayo yaliwafaa mno watengenezaji wa sigara, nao hawakusita kuyagharimia.

Jeni zikaingia baadaye. Mwaka 2008 watafiti waliuhusisha uvutaji na kromosomu ya 15, penye jeni za vipokezi vya nikotini, CHRNA5 ikiwemo. Mwaka 2014 eneo hilohilo likatokea kati ya maeneo 108 yanayohusishwa na skizofrenia. Huenda urithi mmoja unavuta kote kuwili. Huenda pia ni sigara tu iliyojipenyeza kwenye hesabu, maana wagonjwa wengi ni wavutaji.

Lakini damu iliyopimwa ilikuwa hasa ya Wazungu, na badiliko mashuhuri la CHRNA5 linalohusishwa na uvutaji ni nadra sana kwa Waafrika. Mradi wa NeuroGAP-Psychosis, uliokusanya mate ya watu Kenya, Uganda, Ethiopia na Afrika Kusini, ulianzishwa kuziba pengo hilo. Kwa Kenya, kazi hiyo iliongozwa kutoka Eldoret na Kilifi.

Fedha kwenyewe jeni haifanyi kazi peke yake. Kiwanda cha sigara cha BAT kiko Likoni Road, si mbali, na vibandani fegi huuzwa mojamoja ingawa sheria ya 2007 imekataza. Tena moshi huharakisha ini kuvunja dawa za klozapini na olanzapini. Mgonjwa aliyepimiwa dozi wodini bila sigara, akirudi kuvuta mtaani, kiwango cha dawa mwilini hushuka. Akiacha ghafla, kiwango hicho hupanda hadi kumlewesha.