Methani na Miaka 92 ya Kungoja

Machi 14, 1931, karibu na mji wa Dessau nchini Ujerumani, mhandisi Johannes Winkler aliwasha roketi ndogo iliyojazwa methani na oksijeni, zote mbili zikiwa zimepozwa hadi kuwa vimiminika. Wiki tatu kabla ya hapo ilikuwa imejiinua mita chache tu ikaanguka. Mara hii ilipaa makumi ya mita, na huhesabiwa kuwa roketi ya kwanza ya mafuta ya kimiminika kuruka barani Ulaya. Mwaka 1932 Winkler alileta nyingine kubwa zaidi. Gesi ilivuja, ikachanganyika na oksijeni, na chombo kikalipuka.

Baada ya hapo methani iliwekwa kando. Roketi ya kivita V-2 ya Wajerumani ilitumia alkoholi. Roketi iliyorusha satelaiti ya Sputnik mwaka 1957 ilitumia mafuta ya taa, na Wamarekani waliokwenda Mwezini walichoma mafuta ya taa chini na haidrojeni juu. Uamuzi huo ulikuwa na mantiki yake. Mafuta ya taa ni mazito, hayahitaji kupozwa, na tangi lake ni dogo. Haidrojeni hutoa nguvu kubwa kuliko yote kwa kila kilo, ingawa lazima ipozwe hadi nyuzi 253 chini ya sifuri na tangi lake huwa kubwa mno. Methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi ya Songosongo inayofua umeme Dar es Salaam, ilikuwa katikati ya hayo mawili, na serikali zilizokuwa zikishindana hazikuwa na haja ya cha katikati.

Wahandisi wa karne hii waliipima upya kwa jicho la anayetaka injini itumike tena na tena. Mafuta ya taa huacha masizi ndani ya mirija. Methani huacha machache sana. Tena huwa kimiminika kwenye nyuzi 162 chini ya sifuri, si mbali na oksijeni yenye 183, kwa hiyo matangi mawili yanaweza kutenganishwa na ukuta mmoja tu. Kwa roketi ndogo jambo hili ni zito. Kompyuta, valvu na nyaya hazipungui uzito kwa kadiri roketi inavyopunguzwa, na kila kilo iliyozidi katika ngazi ya mwisho, yaani sehemu ya juu ya roketi, ni kilo iliyonyang'anywa satelaiti.

Desemba 2022 kampuni ya LandSpace ya China ilirusha Zhuque-2, roketi ya methani, kutoka Jiuquan. Ngazi ya kwanza ilifanya kazi yake. Ya pili ikashindwa kabla ya kufika kwenye mzingo. Machi 2023 ikaja zamu ya roketi nyingine ya methani, Terran 1 ya kampuni ya Marekani ya Relativity Space, pale Cape Canaveral: urefu wa mita 33 na nusu, injini 9 chini, na asilimia 85 ya uzito wake ikiwa imetengenezwa kwa mashine za kuchapisha chuma. Wengi walihofia kwamba mwili wa aina hiyo ungepasuka pale hewa inapoukandamiza kwa nguvu kuliko mahali pengine popote. Haukupasuka. Ngazi zilitengana, injini ya juu ikajaribu kuwaka, lakini pampu ya oksijeni haikupata shinikizo la kutosha, na roketi ikaangukia Atlantiki.

Ni vigumu kuwasha injini ya vimiminika baridi ukiwa tayari juu, pasipo fundi wa kuigusa, na povu dogo tu la mvuke mlangoni mwa pampu laweza kuiharibu kazi ya miaka.

Julai 12, 2023, Zhuque-2 ilirudi Jiuquan na kuwa roketi ya kwanza ya methani kufika kwenye mzingo wa Dunia. Desemba mwaka huohuo ilipeleka satelaiti 3. Terran 1 haikuruka tena. Wiki chache baada ya safari yake Relativity iliistaafisha na kuelekeza nguvu kwenye Terran R, roketi kubwa zaidi, kwa kuwa wateja walitaka kurusha satelaiti kwa makundi. Naona ilistahili jaribio la pili, maana sehemu iliyotiliwa shaka kuliko zote, ule mwili uliochapishwa, ilikuwa imeshafaulu.